Iliadi: Utenzi wa Hasira, Si wa Farasi wa Mbao

Mchezaji akianguka uwanjani huku ameshika nyuma ya kifundo cha mguu, mtangazaji husema ameumia kano ya Achilles. Fundi wa kompyuta akikuta programu hasidi iliyovaa sura ya programu njema, huiita Trojan. Mwanasiasa akishukiwa kutumwa na wapinzani akivuruge chama kutoka ndani, wenzake humwita farasi wa Troya. Kwa maneno hayo matatu wengi wetu tunaona tumeshaijua Iliadi, utenzi wa kale kuliko kazi zote za fasihi ya Ulaya zilizotufikia. Lakini anayeufungua utenzi wenyewe na kuusoma tangu mwanzo hadi mwisho hakutani na farasi wa mbao. Haoni kisigino kikichomwa mshale. Mji wa Troya hauanguki, na Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki waliouzingira mji huo, yu hai mpaka mshororo wa mwisho.

Umejaa nini basi? Umejaa hasira ya mtu mmoja, na jinsi ilivyowagharimu wenzake, adui zake na yeye mwenyewe. Neno la kwanza kabisa la utenzi, katika Kigiriki chake cha kale, ni hilo: hasira. Nadhani hapo ndipo watu wanapopotea. Wanauendea wakitafuta kisa cha vita vilivyoshindwa kwa hila, kisha wanakutana na wanaume wanaolia, wake wanaoomboleza na mzee anayembusu mkono muuaji wa mwanawe, wasijue waviweke wapi.

Majina kwanza

Troya ulikuwa mji wenye ngome kaskazini-magharibi mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, karibu na mlango-bahari wa Dardanelles. Jina lake la pili ni Ilios, na Iliadi maana yake ni utenzi wa Ilios. Wagiriki wa kale walisema mtunzi wake ni Homer. Wataalamu wengi huuweka utungaji wake katika karne ya 8 KK. Habari kwamba Homer alikuwa kipofu ni mapokeo tu, na wapo wanaoamini kwamba nyuma ya jina hilo walisimama malenga wa vizazi kadhaa. Utenzi una mishororo zaidi ya 15,000, iliyogawanywa katika sehemu 24 zinazoitwa vitabu. Homer mwenyewe hawaiti watu wake Wagiriki, huwaita Waakea au Wadanao, lakini hapa nitawaita Wagiriki ili tusipotezane.

Aliyelelewa na tenzi za pwani ana faida fulani mbele ya kazi hii. Iliadi haina vina. Uzani wake umejengwa juu ya silabi ndefu na fupi, mapigo sita kwa kila mshororo. Hata hivyo ilikuwa ya kusikilizwa kabla ya kuwa ya kusomwa. Ndiyo maana Achilles huitwa "mwepesi wa miguu" hata pale alipoketi, Hector, shujaa wa Troya, ni "mfuga farasi" hata akiwa nyumbani kwa mkewe, na alfajiri huja kila mara na vidole vya waridi. Wasomaji wa leo hudhani mtunzi aliishiwa na maneno. Miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wa tenzi za huko, na mmoja wao, Avdo Međedović, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alitoa kichwani wimbo wa mishororo zaidi ya 12,000. Siri yake ilikuwa vifungu vya maneno vilivyokwisha kupimwa, ambavyo mwimbaji huvipanga upya kila anapoimba huku kisa kikisonga mbele. Marudio ya Homer yana asili hiyo hiyo. Anayeujua Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani kuhusu vita vya Waislamu na Herakli, mfalme wa Rumi ya Mashariki, hatashangazwa na malenga anayeyarudia maneno yale yale kila jeshi linapojipanga. Na watu wa Rumi hiyo ya Herakli walisema Kigiriki na kumsoma Homer shuleni.

Kilichomo na kisichokuwemo

Kisa kikubwa cha vita vya Troya kinafahamika. Paris, mwana wa Priam mfalme wa Troya, alimchukua Helen, mke wa Menelaus mfalme wa Sparta. Agamemnon wa Mycenae, kaka yake Menelaus, akakusanya jeshi kutoka kila upande wa Ugiriki. Ukizijumlisha meli zote zinazotajwa katika kitabu cha 2, unapata 1,186. Vita vikachukua miaka 10.

Iliadi haisimulii miaka hiyo 10. Inachukua siku 50 hivi za mwaka wa mwisho, na katika hizo, siku za mapigano ni nne tu. Mengine tuliyoyasikia yametoka kwingine. Farasi wa mbao, ambaye Wagiriki walijificha ndani yake ili waingizwe mjini kwa hila, anatajwa katika Odisea, utenzi wa pili wa Homer, lakini aliyemsimulia kwa urefu ni Virgil, Mrumi aliyefariki mwaka 19 KK, yaani karne saba hivi baada ya Iliadi. Habari ya mama kumshika Achilles kwa kisigino na kumchovya katika Styx, mto wa kuzimu, ili mwili wake usidhurike popote ila kisigino hicho, tunaikuta kwa Statius, Mrumi mwingine, wa karne ya 1 BK.

Kisigino hicho kinastahili maelezo zaidi, kwa sababu kimeharibu usomaji wa wengi. Katika kitabu cha 21 shujaa mmoja wa upande wa Troya, Asteropaeus, anarusha mikuki miwili kwa pamoja, na mmoja unamkwaruza Achilles mkononi. Damu inatoka. Kwa Homer, basi, mwili wa Achilles ni nyama kama wa mtu yeyote. Hapa tumlinganishe na Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Liyongo hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayeichoma ni mwanawe wa kumzaa. Siri ya mwili wake ni moyo wa kisa, maana kisa ni cha usaliti. Achilles hana siri ya namna hiyo. Anapoamua kurudi vitani anajua atakufa, na angekuwa na ngozi isiyopenya chuma, uamuzi wake usingekuwa na uzito wowote.

Na je, vita vyenyewe vilitokea? Mjerumani Heinrich Schliemann alianza kuchimba kilima cha Hisarlik katika miaka ya 1870, na waliomfuata walitambua tabaka kuu tisa za mji uliojengwa na kubomoka mara kwa mara. Dhahabu aliyoichimbua mwaka 1873 na kuiita hazina ya Priam ilikuja kujulikana kuwa imevitangulia vita vya Priam kwa zaidi ya miaka 1,000. Lakini lipo tabaka lililoungua karibu na mwaka 1180 KK, na maandishi ya Wahiti, dola kubwa ya eneo hilo enzi hizo, yanautaja mji wa Wilusa ambao wataalamu wengi huulinganisha na Ilios. Kwa hiyo mji ulikuwepo, na huenda ulipigwa vita zaidi ya mara moja. Homer, aliyekuja karne kadhaa baadaye, hakuwa akiandika taarifa ya vita.

Ugomvi ulianzia wapi

Kuhani wa mungu Apollo, aitwaye Chryses, anafika kambini na mali nyingi kumkomboa binti yake aliyetekwa. Jeshi zima linasema fidia ipokelewe. Agamemnon, ambaye binti amekuwa fungu lake, anamfukuza mzee kwa matusi. Apollo anashusha tauni, na kwa siku tisa maiti zinachomwa mfululizo. Siku ya kumi Achilles anaitisha baraza, mtabiri anataja chanzo, na Agamemnon analazimika kumrudisha binti. Lakini anadai alipwe, na malipo anayoyachukua ni Briseis, mwanamke aliyekuwa fungu la Achilles. Achilles anaanza kuchomoa upanga amuue, kisha anajizuia, anajitenga na vita pamoja na watu wake, na kumwomba mama yake, mungu wa bahari Thetis, amsihi Zeus, mkuu wa miungu, awape Watroya ushindi mpaka Wagiriki wamkumbuke.

Msomaji wa leo hukwama hapa. Wanaume wawili wanagombania mateka huku watu wanakufa! Ili tuelewe, tufikirie ng'ombe anapochinjwa katika sherehe ya jamii ya wafugaji: kila kiungo kina mwenyewe, na mzee aliyepewa kipande kinachostahili mtoto halalamikii njaa, analalamikia kushushwa mbele ya watu. Wagiriki wa Homer walikuwa na desturi hiyo hiyo hasa. Baada ya Ajax, mmoja wa mashujaa wa Kigiriki, kupigana na Hector ana kwa ana, Agamemnon anampa nyama yote ya mgongo wa ng'ombe, na kila aliyeketi pale anaelewa. Fungu la nyara ni heshima inayoonekana kwa macho. Agamemnon alipoinyang'anya, aliliambia jeshi zima kwamba jasho la mpiganaji wao mkuu halina hesabu.

Kuna mtu wa tatu katika ugomvi huu ambaye wafafanuzi humpita haraka, nami sipendi kumpita. Katika kitabu cha 2 askari mmoja, Thersites, anasimama barazani na kumwambia Agamemnon yale yale aliyosema Achilles: una tamaa, unajitajirisha kwa migongo yetu, turudi makwetu. Odysseus, mmoja wa wakuu wa Wagiriki, anampiga kwa fimbo ya kifalme hadi mgongo unavimba, na askari wenzake wanamcheka. Homer anamwelezea kuwa mwenye sura mbaya kuliko wote waliokuja Troya, kwa hiyo hatuwezi kusema anamtetea. Lakini ameyahifadhi maneno yake. Kosa lile lile la mfalme, likisemwa na mkuu, linasimamisha vita. Likisemwa na mtu wa chini, linamletea kipigo.

Achilles anakataa

Wengi humdhania Achilles kuwa bingwa wa kuua asiyefikiri. Kitabu cha 9 kinalikanusha jambo hilo. Wagiriki wamezidiwa, Agamemnon ameona kosa, na wajumbe watatu wanatumwa: Odysseus, Ajax na mzee Phoenix aliyemlea Achilles. Wanamkuta akipiga kinubi na kuimba sifa za mashujaa wa zamani. Zawadi wanazoziahidi ni nyingi mno: dhahabu talanta 10, farasi 12, wanawake saba wa Lesbos, Briseis mwenyewe pamoja na kiapo kwamba hakuguswa, na baadaye binti wa Agamemnon awe mkewe, na miji saba juu yake.

Odysseus anazirudia ahadi hizo karibu neno kwa neno. Anachokiruka ni maneno ya mwisho ya Agamemnon, yaliyosema Achilles anyenyekee kwa kuwa yeye, Agamemnon, ni mfalme mkubwa zaidi. Achilles anaanza kujibu kwa kusema anamchukia kama malango ya kuzimu mtu anayeficha jambo moja moyoni na kutamka jingine. Kama anamlenga Odysseus au Agamemnon, Homer hasemi, lakini msikilizaji aliyesikia ujumbe wote anajua kilichoachwa. Mwenye kosa hakuja mwenyewe, wala hakuomba radhi.

Kisha Achilles anasema jambo ambalo halikutarajiwa kutoka kwa shujaa wa kale. Ng'ombe na kondoo hutekwa, vyombo hununuliwa, lakini roho ya mtu ikishavuka uzio wa meno hairudishwi kwa kuteka wala kwa kununua. Mama yake amemwambia ana njia mbili: akibaki kupigana Troya atakufa mapema na sifa zake hazitakufa, akirudi kwao ataishi maisha marefu bila sifa. Sifa, katika ulimwengu ule, ndiyo malipo pekee ya kifo, kwa kuwa wafu wa Homer hawana pepo ya kutumainia. Na mtu anayestahili sifa kuliko wote anasema waziwazi kwamba bei haimridhishi.

Ajabu ya utenzi huu ni kwamba haumwachii Achilles haki yote. Ajax, mtu wa maneno machache, ndiye anayempata. Hata ndugu au mtoto akiuawa, anasema, watu hupokea dia, muuaji hulipa na kuendelea kuishi katika nchi yake, na moyo wa mfiwa hutulia. Wewe hutaki kutulia kwa ajili ya mwanamke mmoja, nasi tunakupa saba? Achilles anakiri kwamba Ajax amesema kweli, lakini moyo wake unafura kila anapokumbuka. Suala la dia linarudi katika kitabu cha 18, juu ya ngao mpya ambayo mungu Hephaestus anamfulia. Humo kuna mji wenye amani: arusi inapita mitaani, na sokoni watu wawili wanabishana juu ya dia ya mtu aliyeuawa huku wazee wameketi kwenye mawe yaliyolainishwa kutoa hukumu. Achilles ataibeba picha hiyo mkononi akienda kuua bila kupokea fidia ya mtu yeyote.

Upande wa pili wa ukuta

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba Watroya ndio waovu wa kisa. Homer alikuwa Mgiriki, na wasikilizaji wake pia, lakini Watroya wake wanaabudu miungu ile ile, wanaelewana na Wagiriki bila mkalimani, na mtu anayependeza kuliko wote katika utenzi ni wa kwao. Huyo ni Hector, mwana mkubwa wa Priam.

Katika kitabu cha 6 Hector anaingia mjini kwa muda mfupi na kumtafuta mkewe, Andromache. Wanakutana langoni. Achilles alimuua baba yake Andromache na kaka zake saba siku moja, na mama yake naye amekwisha kufa, kwa hiyo anamwambia mumewe: wewe ndiwe baba yangu, mama yangu na ndugu yangu. Hamwombi aache vita kwa machozi matupu. Anampa shauri la kijeshi, kwamba askari wapangwe karibu na mtini, mahali ukuta ulipo dhaifu. Hector anajibu kwamba angeona haya mbele ya Watroya, wanaume na wanawake, akijificha kama mwoga. Anajua mji utaanguka. Anamwona kwa mawazo mkewe akiteka maji katika nchi ya watu, mtumwa. Anaponyoosha mikono amchukue mwanawe, mtoto analia kwa kuogopa kofia ya shaba yenye kishungi cha nywele za farasi. Wazazi wanacheka. Hector anaivua kofia, anaiweka chini, anambusu mtoto na kumwombea siku moja watu waseme amempita baba yake.

Haya ile ile ndiyo itakayomuua. Usiku ambao Achilles ametangaza kurudi, Polydamas, Mtroya mwenzake, anamshauri Hector aliingize jeshi ndani ya kuta. Anakataa. Kesho yake wengi wanakufa, na Hector anabaki nje ya lango peke yake kwa sababu hataki kusikia mtu mdogo akisema, Hector aliwaangamiza watu kwa kuziamini nguvu zake. Anapomwona Achilles anakuja, anakimbia. Wanauzunguka mji mara tatu. Homer haoni aibu kumwonyesha shujaa mkuu akikimbia kwa hofu, nasi tusimwonee aibu pia. Wakati huo huo Andromache yuko ndani akifuma, amewaagiza watumishi wabandike maji ili mumewe akirudi akute ya moto ya kuoga.

Patroclus, na hasira inapogeuka

Kati ya kukataa kwa Achilles na kifo cha Hector kuna kifo cha Patroclus, rafiki wa tangu utotoni. Huyu ni mtu mpole. Mtu akitaka kujua mpole kiasi gani amsikilize Briseis katika kitabu cha 19, akilia juu ya maiti yake. Achilles alimuua mumewe na kuuteka mji wake, na ndugu zake watatu wakafa siku ile ile. Patroclus alikuwa akimzuia asilie. Wanawake wengine mateka wanaitikia kilio, kwa Patroclus kwa jina, asema Homer, lakini kila mmoja kwa majonzi yake. Wanawake walioanza kisa kama mafungu ya kugawana wanapewa hapo nafasi ya kusema walichopoteza.

Patroclus alimwomba Achilles amwazime silaha zake ili Watroya wadhani amerudi. Achilles akakubali kwa sharti: uwaondoe kwenye meli, usiusogelee ukuta. Patroclus akasahau sharti katika joto la ushindi, na Hector akamuua. Kuanzia hapo hasira ya Achilles haimhusu tena Agamemnon. Anapatana naye kwa haraka, zawadi anazipokea bila kuzijali. Thetis anamwambia akimuua Hector, kifo chake mwenyewe kitafuata karibu. Anajibu: na nife sasa hivi, maana sikumsaidia rafiki yangu alipouawa.

Anayoyatenda baadaye ni mabaya, na Homer hayafichi. Kijana Lycaon, mwana wa Priam, anayashika magoti yake akiomba uhai. Achilles anamwita rafiki na kumwambia afe tu, mbona Patroclus amekufa, aliyekuwa bora kuliko yeye, naye Achilles mwenyewe pia atakufa. Vijana 12 wa Troya anawachinja kwenye mazishi ya Patroclus. Maiti ya Hector anaifunga miguu nyuma ya gari la farasi na kuiburuta, siku baada ya siku, kulizunguka kaburi la rafiki yake. Hasira haipungui hata kidogo kwa kulipiza.

Miungu, kwa ufupi

Wasomaji husema kwamba watu wa Iliadi ni vikaragosi vya miungu. Si hivyo. Mungu Athena anapomshika Achilles nywele asimuue Agamemnon, anamwambia amekuja kumtuliza, kama atakubali. Mungu na moyo wa mtu husukuma kwa pamoja, na mtu hubaki na lawama yake. Hata Zeus hatendi kila apendalo. Mwanawe Sarpedon anauawa vitani naye anamwaga mvua ya damu tu. Miungu hii haifi, na kwa hiyo ugomvi wao hauna uzito. Aphrodite, mungu wa mapenzi, akijeruhiwa na Mgiriki Diomedes anapona siku ile ile. Katika kitabu cha 1 Thetis analazimika kusubiri siku 12 kwa sababu Zeus na wenzake wote wamekwenda karamuni kwa Waethiopia, watu wasio na lawama wanaoishi kando ya bahari izungukayo dunia. Kwa Homer jina hilo halikuhusu nchi ya leo yenye mipaka. Lilihusu watu weusi wa mbali sana walioheshimiwa na miungu.

Helen naye huwekewa lawama ambazo utenzi haujazikamilisha. Hatuambiwi kwa uhakika kama alitoroka au alitekwa. Anajilaumu mwenyewe kwa maneno makali kuliko anavyolaumiwa na mtu yeyote, lakini Priam anamwita binti yangu na kusema lawama ni ya miungu.

Mzee kambini kwa adui

Kitabu cha 24 ndicho kinachoeleza kwa nini utenzi haukuhitaji farasi wa mbao. Priam, aliyekuwa na wana 50 na amezika wengi, anatoka usiku na gari la fidia, akiongozwa na mungu Hermes aliyejigeuza kijana. Anaingia katika kibanda cha Achilles, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Hamwambii amhurumie Hector. Anamwambia amkumbuke baba yake, Peleus, mzee kama yeye, aliye peke yake nyumbani akingoja mwana. Achilles anajua kitu asichokijua Priam: Peleus hatamwona tena mwanawe, maana kifo chake kiko karibu. Wote wawili wanalia, mmoja kwa Hector, mwingine kwa baba yake na kwa Patroclus.

Tusiifanye kuwa suluhu ya raha. Priam anapoharakisha apewe maiti, Achilles anamkaripia asimchokoze, asije akamdhuru. Anaamuru maiti ioshwe mahali ambapo mzee haoni, kwa kuhofia kwamba baba akimwona mwanawe ataghadhibika, naye Achilles atamuua. Hasira bado imo ndani yake, ila safari hii ameiona inakuja akaitafutia njia ya kuipitisha pembeni. Ndipo wanakula pamoja, na wakimaliza wanatazamana kwa mshangao, kila mmoja akiustaajabia uzuri wa mwenzake. Achilles anauliza mazishi yatachukua siku ngapi. Priam anasema tisa za maombolezo, ya kumi mazishi, ya 11 kujenga kaburi, na ya 12 tupigane tena kama hatuna budi. Achilles anakubali kusimamisha vita kwa siku hizo, bila kumwuliza Agamemnon.

Wanawake watatu wanaongoza maombolezo mjini: mke, mama, kisha Helen, anayesema kwamba kwa miaka yote aliyokaa Troya hakusikia neno baya kutoka kwa Hector. Utenzi unakwishia kwenye mazishi yake. Wagiriki hawajashinda chochote.

Anayetaka kuusoma asiogope urefu. Vitabu vya 1, 6, 9, 16, 18, 22 na 24 vikisomwa kwa kufuatana vinabeba kisa chote cha Achilles na Hector. Orodha ya meli ya kitabu cha 2, inayowachosha wengi mwanzoni kabisa, inaweza kuachwa hadi majina yazoeleke.